Msimtwike Mchoma Makaa Mlima Mzima

Kila mara mito yetu inapoingia mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, na mawe yake, hotuba huifuata kabla tope halijakauka. Maneno yake tumeyakariri: watu wa juu wamekata miti, mlima umebaki uchi, mvua imekosa wa kuizuia, ndiyo maana tunazika. Kiongozi huyasema akiwa amevaa buti. Mhubiri huyarudia Jumapili. Shirika hufika na miche ya mikaratusi, picha zinapigwa, watoto wa shule wanaimba. Ni nani atabisha? Mti ni kitu chema, na mchoma makaa hana wakili. Kwa hiyo hukumu imekwisha kutolewa, na kesi haijasikilizwa.

Mimi nabisha. Mchoma makaa wa milima ya Mitumba ana sehemu yake katika misiba hii, sehemu yenye mpaka na inayopimika, na nitaitaja bila kuipunguza. Lakini ametwikwa pia mizigo ya watu walio wakubwa kuliko yeye, wenye ofisi, mihuri na matingatinga. Maadamu yeye ndiye mkosaji wetu wa pekee, hao wataendelea na shughuli zao, na sisi tutaendelea kuchimba makaburi.

Tuanze na ardhi tunayolala juu yake. Uvira ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya maji na mlima. Uso wa ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukigeuka magharibi ardhi inapanda papo hapo, na nyuma ya kilele kinachoonekana kutoka bandari ya Kalundu kuna nyanda za juu ambazo kule Itombwe, kwenye Mlima Mohi, zinafika mita 3,475. Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge ni mito mifupi na mikali. Maji yanayoanguka juu usiku yanaweza kuwa mjini kabla jogoo hajawika.

Chimba sasa msingi wa nyumba karibu na mmojawapo wa mito hiyo. Utakutana na mawe yaliyoviringika, mengine ambayo watu 10 hawayasogezi, yamezikwa ndani ya mchanga na changarawe, tabaka juu ya tabaka. Mto wa maji matupu haubebi jiwe la namna hiyo. Hubebwa na tope zito lililochanganyika na mawe, tope linalozaliwa mlima unapoporomokea ndani ya korongo. Uwanda wote unaofunguka kuanzia mdomo wa korongo hadi ufukweni, uwanda tuliojengea masoko, makanisa, misikiti na shule, umetapikwa na mito hiyo hiyo, tukio baada ya tukio, kwa maelfu ya miaka. Wakati huo hapakuwa na tanuri la makaa wala shamba la mihogo kwenye mteremko. Msitu ulikuwepo, na mlima uliporomoka msitu ukiwa juu yake.

Huo ndio ushahidi wa kwanza, na uko chini ya miguu ya kila anayetoa ile hotuba.

Sababu yake ni ya kina kuliko shoka. Tanganyika ni bonde la ufa lililojaa maji. Kina chake kinafikia mita 1,470, na ukuta wake wa magharibi, ambao ni mlima wetu, umekuwa ukipandishwa kwa mamilioni ya miaka huku sakafu ya bonde ikididimia. Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitikisa ziwa hili, na tarehe 3 Februari 2008 jingine lilibomoa nyumba Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Mlima unapopanda, mto huchimba chini kuufuata usawa wa ziwa. Kingo za korongo husimama wima kuliko udongo unavyoweza kustahimili. Jiwe lililopasuliwa na mitetemo hupitisha maji, huoza, hugeuka udongo laini uliolala juu ya mwamba mgumu. Watafiti waliochora maporomoko ya eneo lote la kaskazini mwa Tanganyika na Kivu walikuta kwamba mahali ambapo mito bado inaendelea kuuchimba mlima ulioinuliwa, miteremko ni mikali zaidi na huporomoka zaidi kuliko nyanda tulivu zilizo juu yake. Ukitazama ramani, makorongo yaliyo nyuma ya Uvira yamo katika hali hiyo.

Mvua je? Mvua huanzisha tukio, na anayesema mvua peke yake imeua anakosea vilevile. Mteremko haufi siku ya mvua kubwa. Siku hiyo ni ya mwisho katika kazi ndefu. Udongo juu ya mlima unashikiliwa na msuguano kati ya chembe na chembe, na kati ya tabaka lote na mwamba ulio chini. Unyevu kidogo huusaidia. Mtoto anayecheza kwenye mchanga wa Kalundu analijua hilo kwa mikono yake: mchanga mkavu haujengi ukuta, mchanga mbichi unajenga, na mchanga uliozidishiwa maji unalala chini wenyewe. Mlimani ni hivyo hivyo, isipokuwa kuzidishiwa huko kunachukua miezi. Mvua zetu huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei. Za mwanzo hunywewa na ardhi kavu. Zinazofuata hushuka hadi kwenye mwamba, zikikuta haupitishi hujikusanya hapo, na maji hayo yaliyonaswa husukuma chembe za udongo ziachane. Msuguano unapungua wiki hadi wiki bila mtu kuona. Mvua ya milimita 100 ikinywewa yote na hekta moja ya mteremko, ni tani 1,000 za maji zimeongezwa juu ya kitu kinachopoteza mshiko wake.

Ndiyo maana tarehe za misiba yetu hazijatawanyika ovyo. Msimu wa mwisho wa mwaka 2019 ulikuwa na mvua nyingi isivyo kawaida Afrika Mashariki nzima, kwa sababu maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa na joto kuliko ya upande wa Asia. Mlima wetu ulishiba tangu hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mwishoni mwa msimu, mvua ilikuta hakuna nafasi iliyobaki. Makorongo yakashusha matope na mawe, mito mitatu ikavunja kingo, makumi ya watu wakafa, maelfu ya nyumba zikaenda, daraja la Mulongwe likaenda. Kule Kalehe, kando ya ziwa Kivu, ilikuwa tarehe 4 Mei 2023, tena mwishoni mwa msimu, siku ya Alhamisi, watu wakiwa sokoni Nyamukubi. Huko na Bushushu walikufa zaidi ya 400, na wengi zaidi hawakupatikana. Katika mvua za siku zile zile, Rwanda ilizika zaidi ya 130. Mvua ile ile ya Mei ingeanguka Oktoba, ardhi ingeinywa.

Kushiba huko kuna dalili, na wazee wa milimani wanazijua. Ufa wenye umbo la mwezi mchanga hufunguka juu ya shamba. Miti na nguzo huinamia upande mmoja. Chemchemi hutokea mahali pasipokuwa na maji, au iliyokuwepo hukauka ghafla kwa kuwa maji yamepata njia nyingine. Mlango wa nyumba hukataa kufunga. Kisha kipande kinaachia, mara nyingi si kikubwa, labda upana wa viwanja vichache. Kinaangukia korongo lenye maji, kinachanganyika nayo, na kuanzia hapo hakuna tena poromoko wala mafuriko. Kuna kitu cha tatu, kizito kuliko maji na chepesi kukimbia kuliko udongo, kinachojiongezea mawe na magogo kadiri kinavyoshuka. Wakati mwingine poromoko huziba mto kabisa. Mto unapungua mjini huku mvua ikinyesha, na asiyejua hufurahi. Nyuma ya kizuizi maji yanapanda, kisha kizuizi kinapasuka. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Bujumbura, wahandisi walikaa kukokotoa ingekuwaje poromoko likiuziba mto Kanyosha na kuumba bwawa, kisha bwawa hilo likapasuka juu ya mji. Na tukio la kwanza halimalizi. Huko Gofa, Ethiopia, Julai 2024, walikufa watu zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa wamekuja kufukua majirani zao waliofunikwa, poromoko la pili likawakuta na majembe mikononi.

Nimekaa juu ya hili kwa makusudi. Ukiujua mwendo huu hatua kwa hatua, utaona ni mahali pangapi binadamu angeweza kuingia kati, na ni pachache kiasi gani panapohusu shoka.

Sasa haki ya mti. Mizizi hushona tabaka la juu la udongo, hasa mita 1 au 2 za kwanza. Majani hupokea sehemu ya mvua na mti hunywa sehemu ya maji. Kwa maporomoko madogo ya juu juu, kazi hiyo ni kubwa, na sitamruhusu mtu aseme ninaidharau. Utafiti uliofanywa hapa hapa, katika ukanda wa Kivu na kaskazini mwa Tanganyika, ukachapishwa mwaka 2021, uliikadiria: msitu ukifyekwa, mmomonyoko unaotokana na maporomoko huongezeka kati ya mara 2 na mara 8. Huo ndio mzigo halali wa mkata miti, na ni mzito.

Lakini soma hadi mwisho. Ongezeko hilo hudumu takriban miaka 15, kisha hushuka, kwa sababu udongo laini uliokuwa tayari kuanguka umekwisha kuanguka. Tena halianzi siku ya kukata: kisiki kikibaki ardhini, mizizi yake huoza polepole na mshiko hupotea baada ya miaka. Nauliza basi: miteremko iliyo juu ya Uvira ilifyekwa lini? Mingi haina msitu tangu enzi za babu zetu. Kijana anayeshuka leo na gunia lake la makaa anashitakiwa kwa deni ambalo, mahali pengi, lilikwisha kulipwa na waliokufa kabla hajazaliwa. Msitu unaokatwa leo uko mbali zaidi, juu zaidi, na tukitaka kuulinda, tena tuulinde kwa nguvu zote, tuwaambie watu ukweli kwamba tunawalinda watakaoishi chini yake miaka 10 ijayo. Tusiwaahidi wa Mulongwe kwamba mche utawazuia mawe ya Aprili.

Kuna pia maporomoko ya kina, yale yanayoteleza kwenye mpaka ulio mita 10, 20 au zaidi chini ya ardhi, ambako hakuna mzizi unaofika. Mti uliosimama juu yake husafiri nayo. Anayetaka mfano atazame Hanang, Tanzania. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima ule uliporomosha tope na mawe hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Kilichoachia kilikuwa juu mlimani, ndani ya msitu wa hifadhi, na serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi. Magogo yaliyofika mjini yalitoka huko huko kwenye msitu uliolindwa, na kila gogo linaloziba chini ya daraja huusukuma mto nje ya kingo zake. Au tazama Bukavu. Sehemu ya Funu, wanakoishi maelfu ya watu, imekaa juu ya poromoko kubwa la kale linaloendelea kusogea polepole hadi leo. Hakuna anayeweza kulilaumu shoka kwa kulianzisha.

Nami nataka kukaa kidogo Funu, kwa kuwa ndipo ushahidi wa pili ulipo. Watafiti wa Kikongo na wa Kibelgiji walilinganisha picha za anga na za setilaiti za miongo 7, kuanzia wakati mahali pale palipokuwa mashamba hadi palipojaa nyumba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Sehemu iliyojengwa imeongeza mwendo. Tafsiri waliyoitoa inahusu maji: mabati na njia zilizoshindiliwa zinakusanya mvua na kuimwaga mahali pamoja, mabomba yanavuja, hakuna mtaro wa kuyatoa, na yote yanazama ndani ya poromoko lile lile. Mji wenyewe ndio unaolinywesha.

Njoo sasa kwenye kingo za Uvira, mitaa inayopanda ubavu wa mlima kwa sababu chini hakuna nafasi. Paa la mabati la mita 5 kwa 8 lina mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu haimshangazi mtu, inaliangushia lita 2,000, yaani mapipa 10, na kwa kuwa nyumba haina mfereji, mapipa hayo yote yanatoboa ardhi kwenye mstari mmoja chini ya ukuta. Nyumba 100 ni lita 200,000. Ongeza shimo la choo linalochimbwa hapo hapo. Ongeza namna kiwanja kinavyotengenezwa mlimani: ubavu unakatwa wima nyuma ya nyumba, udongo uliotolewa unamwagwa mbele ili kuongeza ua, bila ukuta wa kuuzuia. Mkato huo umeondoa mguu wa mteremko wa juu. Kifusi kile kimeutwisha mzigo mteremko wa chini. Na jirani wa chini naye amekata wa kwake. Barabara zinafanya hivyo hivyo kwa ukubwa zaidi. Yeyote aliyepita mteremko mkali wa Ngomo kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Nyangezi na Kamanyola, ameona kingo zilizokatwa na udongo unaorudi barabarani kila msimu. Mkataji wake hakuwa na shoka, alikuwa na tingatinga na mkataba.

Mkuu wa familia anayekata kiwanja chake kwa jembe simlaumu kama ninavyomlaumu aliyemwuzia. Wengi walio pale juu walikimbia vita kwenye nyanda za juu au katika bonde la Ruzizi. Wamefika mjini wakakuta ardhi tambarare imekwisha au imezidi uwezo wao. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya nchi hii ni mali ya Dola. Kama ni mali ya Dola, basi kila nyumba iliyosimama ndani ya mkondo wa mto ikiwa na karatasi yake halali ilipimwa na mtu, ikapigwa muhuri na mtu, ikalipiwa mahali. Mto wenye tabia ya kuhama ukipungua, nafasi uliyoiacha huonekana ni kiwanja kitupu. Hupimwa. Huuzwa. Hujengwa. Upana ambao mto ulijiwekea kwa ajili ya usiku mmoja katika miaka 20 au 30 unabaki ujia kati ya kuta mbili. Halafu kila tukio linapandisha sakafu ya mto kwa mawe liliyoyaleta, na yasipoondolewa, mto unasubiri mvua ijayo ukiwa juu ya usawa wa nyumba zilizo kando yake. Baada ya Aprili 2020 mtu yeyote aliweza kuliona hilo kwa macho, na akina mama wanaoponda kokoto mle mtoni walikuwa wanaondoa mawe mengi kuliko mradi wowote niliowahi kuusikia.

Msiba haukuishia kwenye nyumba. Maji ya bomba ya mji huu hutoka mto Mulongwe, na mtambo wa REGIDESO, shirika la maji la taifa, upo kwenye njia hiyo hiyo ya mawe. Usiku ule wa Aprili uliharibiwa, mabomba yakakauka, watu wakarudi kuchota ziwani na mitoni, katika mji ambao kipindupindu kimeufanya makao yake kwa miongo mingi. Waliougua kwa ajili ya hayo hawahesabiwi katika orodha ya waliokufa kwa maporomoko, ingawa ni mnyororo mmoja. Kuamua chanzo cha maji cha mji mzima kiwe kimoja tu, na kikae hapo, hakukufanywa na mchoma makaa.

Tena makaa hayo yanapikia nani? Anayeyachoma mlimani anakula ugali uliopikwa kwa kuni alizookota. Gunia linashuka kwa ajili ya jiko la Uvira, la mwalimu, la askari, la mfanyakazi wa shirika, la yule mwenye hotuba. Umeme unaotoka kwenye mto Ruzizi haujafika kila jiko, na ukifika haudumu. Hatuna haki ya kununua gunia asubuhi na kumhukumu mwuzaji jioni.

Na lawama hii ina sumu nyingine, ambayo katika nchi yetu hatuwezi kuifumbia macho. Maneno "watu wa juu" hayakai siku nyingi bila kupata kabila. Milima ya Uvira na Fizi imeona vijiji vikichomwa na ng'ombe wakiporwa. Huko hakuna haja ya kuongeza kosa jingine ambalo jirani atamhesabia jirani. Anayesema mjini kwamba walio juu wanatuua kwa miti yao anatupa kibiriti mahali pakavu, hata kama nia yake ilikuwa kutetea mazingira.

Wapo watakaonijibu kwamba namsahau mkosaji mpya, mabadiliko ya tabianchi. Simsahau. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kali zitazidi ukali. Lakini baada ya Kalehe, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima ni kiasi gani cha msiba ule kilitokana na mabadiliko hayo, na mwezi Juni 2023 wakatangaza kwamba hawawezi kutoa hukumu, kwa sababu vituo vya kupima mvua katika eneo hilo ni vichache mno. Hilo peke yake lingetosha kutufedhehesha: watu zaidi ya 400 wamekufa kwa mvua ambayo karibu hakuna aliyeipima. Kuyalaumu mabadiliko ya tabianchi bila kupima mvua ni njia nyingine ya kumtafuta mkosaji asiyeweza kuitwa ofisini. Na wapo watakaosema ni mapenzi ya Mungu. Mungu aliuumba mlima na mvua. Muhuri wa kiwanja ulichongwa mjini.

Wengine wataniambia kwamba nikimtetea mkata miti nitawapa watu ruhusa ya kumaliza msitu. Hofu hiyo naielewa, lakini naikataa. Msitu wa Itombwe una sababu tele za kulindwa bila kuongezewa ahadi ya uongo. Ahadi hiyo ikishindwa, yaani mvua ikishusha mawe kupitia mikaratusi tuliyoipanda, nani atatusikiliza tena tukisema juu ya mti? Na ipandwe miti, ila kwa akili: kwenye vyanzo vya makorongo, kwenye kingo zilizokatwa, miti na majani yenye mizizi ya kufuma, na pasipandwe kitu kizito juu ya ufa ulio wazi.

Ninachodai kinaanzia chini. Uchorwe mstari kutoka mdomo wa kila korongo hadi ziwani, unaoonyesha mto ulifika wapi mwaka 2020, na ndani yake kusitolewe karatasi hata moja mpya. Waliomo wapewe ardhi nyingine, na gharama iwe ya yule aliyewauzia kwa jina la Dola. Mawe yaliyojaa mtoni yaondolewe kila kiangazi, kwa malipo, na wale akina mama wenye nyundo wawe wa kwanza kuajiriwa. Kila nyumba ya mlimani iwe na mfereji wa bati na mtaro wa mawe unaofika hadi kwenye mto badala ya kuishia kwa jirani. Kila barabara inayokata mlima ijengewe njia ya maji kabla ya kufunguliwa.

Watasema hakuna pesa. Kwa kuhamisha mitaa, nakubali, ni kazi ya miaka. Lakini kule Rwenzori, Uganda, wakazi wa kawaida walifundishwa kuandika kwa simu kila poromoko na kila mafuriko wanayoyaona, na taarifa zao zimewasaidia watafiti. Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Haidrobaiolojia, ina redio, ina vijana wanaopanda mlimani kila siku, wachoma makaa wakiwa miongoni mwao, ambao huuona ufa kabla ya mtu mwingine yeyote na ambao hadi leo hakuna ofisi iliyowauliza. Mvua za msimu ujao zinaanza Oktoba. Kipimamvua kimoja juu ya Mulongwe, kingine juu ya Kalimabenge, kingine juu ya Kavimvira, na kwenye kila kimoja mtu anayelipwa, mwenye simu yenye chaji na namba ya redio: hiyo ni kazi ya kumalizika kabla ya Septemba kwisha.